Taya la Kulia la Minza

Vijana wangu wa kitengo cha kinywa na meno, mliniomba niwaandikie mawili matatu kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu, sijasahau kitu. Shida yangu ni kwamba nakumbuka mno. Vyeo sitaviongelea, na mshahara tuuache, kila mtu aujue wake. Nitaandika habari za kiti, koleo, watu wachache, na kosa moja nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nilipangiwa Bariadi kabla ya kuwa na Mkoa wa Simiyu. Mimi ni mzaliwa wa Maswa, kwa hiyo vumbi na pamba havikunishangaza. Kilichonishangaza ni kiti. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro, na kiti chake kilipanda kwa kukanyagwa kwa mguu na kushuka chenyewe kilipojisikia, mara nyingi koleo likiwa limeshashika jino. Vyombo tulichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Nyinyi mna mashine inayolia ikimaliza kazi. Sisi tulijua vyombo vimeiva kwa kutazama saa ya mkononi ya Bwana Malugu, ambayo nayo ilichelewa.

Bwana Malugu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa tabibu wa meno aliyebakiza miaka miwili tu kustaafu, mwembamba, mpole, asiyependa kurudia neno. Siku ya kwanza alinipa koleo la magego ya juu akaniambia nilishike tu mpaka lipate joto la mkono wangu. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mfugaji mwenye shingo kama ya fahali. Alinitazama mimi, akamtazama Bwana Malugu.

"Mayu huyu ataweza kuling'oa?" akauliza; mayu kwetu Wasukuma ni mama.

"Jino haling'olewi kwa nguvu," Bwana Malugu akamjibu. "Fungua mdomo."

Nilitumia karibu dakika ishirini. Jino lilitoka na mizizi yake yote mitatu, na yule mfugaji akatoka bila kuaga.

Neno la Bwana Malugu nililolishika kuliko yote ni hili: mgonjwa haji peke yake hata akija peke yake. Alitaka tuwatazame kwanza waliomleta, jinsi walivyokaa, nani anajibu na nani amenyamaza, ndipo tumfungue mgonjwa mdomo. Nililishika neno hilo miaka yote. Mtaona lilinifikisha wapi.

Alipostaafu nilibaki peke yangu, wilaya nzima. Kazi hii ina upweke wa namna yake, ambao chuoni hawaufundishi. Unaongea na watu kutwa nzima na wote wanakujibu "aaa." Jioni ukipita sokoni wanaziba midomo kwa kiganja, wakidhani unahesabu mapengo yao. Na kweli nilikuwa nayahesabu. Wauguzi wenzangu hawakupenda kula na mimi kwa sababu nilinuka mafuta ya karafuu, yale tuliyochanganyia dawa ya kuziba jino, na harufu ile haitoki hata uoge mara ngapi. Waliniita Mama Meno. Sikujaliwa mtoto, wala mume hakudumu, kwa hiyo jina lile sikugombana nalo.

Sasa niwaambie habari za Minza.

Aliletwa asubuhi moja na mzee mmoja kutoka upande wa Malampaka. Binti alikuwa na miaka saba. Mashavu yake yote mawili yalikuwa yamejaa, magumu, na macho yake yalielekea juu, weupe ukionekana chini ya mboni, kana kwamba kila wakati anatazama dari. Kadi ilisema Minza Sayi. Mzee alijitambulisha kuwa Sayi, tukaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Ila huyu mtoto, mayu, taya linakua kama limelogwa."

Niliogopa. Huku kwetu ukanda wa ziwa kuna saratani ya taya inayowapata watoto, inavimba ndani ya wiki chache, na mimi nilikwisha kuwazika kadhaa walioletwa wakiwa wamechelewa. Nikamweka Minza kitini, nikaingiza kioo na vidole viwili. Meno yalikuwa yamekaa ovyo, mengine hayapo kabisa, na mfupa wa taya la chini ulikuwa mnene pande zote mbili. Huku nikipapasa nikamuuliza mzee maswali ya kwenye fomu.

"Imeanza lini?"

"Tangu ana miaka mitatu hivi. Polepole."

"Mama yake yuko wapi?"

"Ameolewa, yuko Geita."

"Na baba yake?"

"Baba yake ndiye mimi."

Nikamtazama mzee usoni vizuri, kama nilivyofundishwa. Taya lake lilikuwa jembamba na safi kabisa. Nikauliza kama kuna mtu yeyote kwao aliyewahi kuwa na mashavu ya namna hii. Alifikiri kwa uaminifu, akahesabu ndugu zake kwa vidole, akasema hakuna. Nikaandika kwenye karatasi ya rufaa: *Hakuna historia ya ugonjwa huu katika familia.* Nikapiga na mstari chini yake.

Nilimsindikiza mwenyewe hadi hospitali ya rufaa, kwa sababu Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kuokoteza. Daktari bingwa wa upasuaji wa taya alikuwa mtu mzuri, mwangalifu, na sitaki mmlaumu. Alikata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, majibu yakaja kwamba si saratani ile tuliyoihofia. Ni uvimbe wa seli kubwa kubwa unaokula mfupa. Uvimbe wa namna hiyo una jamaa zake wengi, na ili ujue huyu ni nani kati yao unahitaji kujua ukoo wa mgonjwa. Alisoma karatasi yangu. Kama haukurithiwa, basi huu ni ule mkali unaozidi kula, na upande wa kulia ulikuwa umeliwa zaidi. Akaamua kuondoa kipande cha taya la kulia, kisha mwaka ukipita arudi kwa la kushoto.

Niliomba kuingia chumba cha upasuaji, wakanipa kazi ya kushika kivuta shavu. Walipasua chini ya taya, wakasogeza misuli. Mfupa ulikuwa na vyumba vyumba kama sega la nyuki, na ndani yake nyama laini ya rangi ya ini. Humo ndani meno yake ya ukubwani yalikuwa yanaelea, hayana pa kushika. Kisha nikasikia ule msumeno wa waya. Daktari alikuwa anayatoa meno moja moja na kuyadondosha kwenye bakuli la chuma, nami nikayahesabu kwa mazoea. Yalikuwa sita. Nimeng'oa maelfu, lakini yale sita ndiyo ninayoyakumbuka kwa sauti.

Minza akarudi kwao na uso usiolingana, kulia pamebonyea, kushoto pamejaa. Alikula uji kwa miezi mingi. Shule alikaa dawati la mwisho. Kila alipokuja kliniki nilimpima kwa uzi wa cherehani, kutoka ncha ya sikio hadi kidevuni, nikafunga fundo na kuuweka uzi kwenye bahasha yake. Mashine ya picha tulikuwa hatuna, na uzi hauharibiki. Fundo la kushoto liliendelea kusogea mbele, na tarehe ya upasuaji wa pili ikapangwa.

Zilibaki wiki tano hivi. Nilikwenda Nassa na gari la huduma za mkoba, kupima meno ya wanafunzi. Tulipomaliza shule, watu wazima nao wakajipanga, kama kawaida. Akaja mkulima mmoja wa mpunga, jina lake Masanja, anaumwa gego. Nilikuwa naandika, sikumtazama. Nilipoinua kichwa kalamu iliniponyoka. Taya pana, mapengo ya kuzaliwa, na weupe mwembamba chini ya mboni za macho.

"Hizi taya zako," nikamwambia, "zilikuwa hivi tangu zamani?"

Akacheka. "Hizi? Hizi zimepungua, mayu. Utotoni niliitwa Masanja Viazi, ilikuwa kama nimeficha kimoja kila shavu. Nilipoanza kuota ndevu zikaanza kunywea zenyewe. Baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo."

"Hukupasuliwa?"

"Nipasuliwe na nani?"

Nikamuuliza kama ana watoto. Akasema wawili, wazima, hawana kitu. Kisha akakuna shingo.

"Na kuna mmoja huko Malampaka, nasikia ndiye kachukua. Lakini yule si wangu."

"Si wako namna gani?"

"Sikupeleka ng'ombe, mayu. Mtoto ni wa kwa mama yake."

Nililing'oa lile gego. Niwaeleze, kwa wale mliotoka mbali. Huku kwetu mtoto ni wa boma lililotoa ng'ombe. Kama mwanaume hakutoa, mtoto anabaki kwa babu mzaa mama, anaitwa kwa jina la babu, na babu ndiye baba. Mzee Sayi hakunidanganya hata neno moja. Nilimuuliza baba ni nani, akanijibu kama anavyojua kila mtu mwenye akili zake.

Na mimi nilipaswa kujua kuliko wote. Mimi mwenyewe nililelewa Maswa na babu niliyemwita baba. Fomu zangu zote za serikali zina jina la babu. Ng'ombe wa mama yangu hawakuja, na nyumbani kwetu yule mwanaume hakutajwa hata kwa kutukanwa. Ndiyo maana sikumuuliza mzee Sayi swali la pili. Akilini mwangu mtu wa namna hiyo hayupo duniani. Siku ile Nassa ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mmoja wao ana kwa ana, ameshika shavu, anatema damu kwenye ndoo yangu.

Ugonjwa wenyewe mnaujua kwa kitabu. Ni mabadiliko ya kurithi ya mifupa ya taya, mzazi mmoja anatosha kuupitisha, na wataalamu wameupa jina la makerubi, wale malaika wenye mashavu wanaochorwa makanisani. Aliyeubatiza hakukaa shuleni na mtoto anayeitwa Viazi. Kwa walio wengi unatulia wenyewe baada ya kubalehe, na kisu kinasubiri, labda mtoto ashindwe kupumua, kula au kuona. Ukijua umerithiwa unasubiri. Usipojua, unakata.

Nikapanda pikipiki hadi Malampaka. Mzee Sayi alikuwa anachambua pamba uani. Nilimweleza pole pole, kwa Kisukuma, na alipolisikia jina la Masanja aliacha kuchambua.

"Mtu huyo hana mtoto kwenye boma hili."

"Najua, baba. Nataka daktari aone taya zake tu."

"Akisimama mbele ya daktari akasema ni wake, kesho ataleta wazee wake hapa. Mimi nimemlea kwa maziwa ya ng'ombe wangu, mayu. Nimemlisha uji kwa mkono wangu huu tangu walipomkata."

Machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyaleta. Nilimwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mwingine kazini, kwamba mimi pia ni mtoto wa babu. Akanisogezea kigoda nikae. Kisha tukapatana hivi: Masanja ataenda hospitali ya rufaa kama mgonjwa, na kadi yake, kwa taya zake. Hatasema neno juu ya mtoto; daktari nitamweleza mimi kwa siri. Hawataketi benchi moja, hawatasalimiana. Masanja nilipomwendea hakubishana. Aliuliza tu avae shati gani.

Siku hiyo kwenye korido kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Mzee Sayi na Minza walikaa moja, Masanja akakaa lingine, anatazama viatu vyake. Mimi nilisimama katikati kama mlinzi wa benki. Minza hakujitingisha, macho yake juu, nami nikadhani anatazama dari.

Ndani, daktari alibandika picha mbili za eksirei kwenye kioo cha taa, ya mtoto na ya mtu mzima. Kwenye ile ya mtu mzima vyumba vya sega vilikuwa vimeziba, mfupa umejijenga upya. Alizitazama moja baada ya nyingine.

"Nani aliandika kwamba hakuna historia?"

"Mimi."

"Ungeniandikia, ningesubiri," akasema. Upasuaji wa pili ukafutwa.

Taya la kushoto la Minza likapona bila kisu. Uzi uliendelea kusogea miaka kadhaa, kisha ukasimama, kisha siku moja nikafunga fundo nyuma ya fundo lililotangulia, na nikatoka nje kwenda kujifuta macho kwenye stoo ya magodoro. Minza alipofika utu uzima, daktari yule yule alichukua kipande cha mfupa wa nyonga yake akamjengea kulia. Ilifanikiwa, kama kiraka kizuri kinavyofanikiwa. Anatafuna kushoto. Ana kibanda cha kusuka nywele Nyashimo, na wateja wake, nasikia, hawakai wameziba midomo.

Kwa miaka yote hiyo sikumwambia kwamba kipande cha kulia kiliondoka kwa sababu ya mstari wangu mmoja. Nilijipa sababu nyingi: ningevunja ahadi niliyompa mzee ya kutomtaja Masanja, mtoto bado mdogo, leo kuna foleni. Mzee Sayi alifariki, ile sababu ya kwanza ikafa naye, na bado sikusema.

Mlinifanyia sherehe nzuri. Mlinipa saa ya ukutani, zawadi anayopewa mtu asiye na pa kuwahi tena, nashukuru. Ambacho hamkukiona ni kwamba siku mbili kabla yake Minza alikuja, na mtoto mgongoni, msichana wa miezi tisa. Alitaka nimpapase taya. Nikampapasa. Nikamwambia bado ni mapema, hata kama umo hauonekani kabla ya miaka miwili au mitatu, na inawezekana usiwemo. Nikafungua kadi mpya. Nilipofika kwenye mstari wa historia ya familia nikaiweka kalamu chini.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia swali nililomuuliza babu yake mpaka meno sita kwenye bakuli. Alinisikiliza huku akimtingisha mtoto.

"Ulimuuliza baba," akasema mwishowe. Babu yake bado anamwita baba. "Hukuniuliza mimi."

"Wewe ulikuwa na miaka saba, mayu."

"Nilikuwa namjua. Mama alipokuja kunitembelea alinipeleka mnadani, akanionyesha. 'Yule ndiye aliyekuzaa, nyumbani usiseme.' Ningekwambia wewe. Wewe hukuwa wa nyumbani. Lakini ulikuwa umeniweka kioo mdomoni."

"Na siku ile ya mabenchi?" nikauliza.

"Nilimtazama yeye muda wote. Nyie wote mlidhani natazama dari."

Nikamuuliza alijisikiaje, siku ile ya mnadani, kuonyeshwa mtu yule na kukatazwa kusema. Nilidhani atasema aliumia.

"Nilifurahi," akasema. "Shuleni walisema nimelogwa. Nikaona kumbe sura yangu ina mahali ilipotoka." Kisha akagonga kadi kwa kidole. "Andika jina lake. Masanja, wa Nassa. Na baba yake pia."

Nikaandika. Kadi hiyo iko kwenye kabati la chuma, droo ya pili, pamoja na bahasha ya nyuzi za mama yake. Atakuja kwenu, na mashavu yakianza kujaa msikimbilie kisu. Pimeni, subirini. Na kabla ya kuingiza kioo, mwulizeni yeye, hata awe mdogo kiasi gani.

Minza alipoondoka nilifunga mlango, nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho sikuwahi kukikalia. Nilichukua kioo cha mdomo nikajitazama. Ni kidogo, mnakijua, kinaonyesha kipande kimoja kimoja: jicho, kisha pua, kisha kidevu. Pua ni ya mama. Kidevu si cha mama wala si cha babu, na mama alifariki miaka mingi iliyopita bila mimi kumuuliza ni cha nani. Nilikitazama mpaka muuguzi akagonga mlango kuulizia ufunguo. Nikakiosha kile kioo, nikakirudisha kwenye trei, nikampa ufunguo.